Ceres: Nyota Iliyobadilishwa Jina

Neno "sayari" tumelipata kutoka lugha ya Kiarabu, na maana yake ni kitu chenye kwenda. Watu wa kale waliokesha wakitazama mbingu waliona ya kuwa karibu nyota zote hushika mahali pao, moja kando ya mwenziwe, mwaka hata mwaka. Lakini ziko chache zisizotulia: leo zi karibu na nyota hii, na mwezi ujao zimekwisha kuiacha na kuipita. Hizo ndizo walizoziita zenye kwenda. Walizitambua kwa mwendo wake, si kwa ukubwa wala kwa mwanga.

Sasa, msomaji, nikikuuliza jua letu lina sayari ngapi, utanijibu upesi kwamba ni 8. Lakini ukikifungua kitabu cha shule kilichopigwa chapa kabla ya mwaka wa 2006, utakuta ni 9. Mwanafunzi wa Ulaya aliyekuwa darasani mwaka wa 1820 alifundishwa kwamba ni 11; na aliyesoma mwaka wa 1870 alifundishwa kwamba ni 8, kama ulivyofundishwa wewe. Je, sayari huzaliwa na kufa kama wanadamu? La, hazizaliwi wala hazifi kwa muda mfupi hivyo. Basi, waalimu wa zamani walikuwa waongo? Wala hilo silo.

Swali hili si dogo. Ikiwa kitabu cha leo kitasahihishwa kesho, kijana ana haki ya kuuliza kwa nini ajisumbue kukisoma. Nami naona njia nzuri ya kulijibu ni kuzifuata habari za kitu kimoja kidogo cha mbinguni, kiitwacho Ceres. Kitu hiki, katika muda wa miaka 205, kilidhaniwa kuwa nyota, kikaitwa nyota yenye mkia, kikaitwa sayari, kikaitwa asteroidi, na mwisho kikaitwa sayari kibete. Na katika muda huo wote chenyewe kiliendelea kulizunguka jua kwa njia yake ileile.

Habari hii yaanza na nafasi iliyokuwa tupu. Kati ya Mirihi, ambayo ni jirani ya dunia yetu, na Mushtarii, sayari iliyo kubwa kupita zote, pana masafa makubwa mno. Mwaka wa 1766 Johann Titius, mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg katika Ujerumani, alieleza hesabu nyepesi ambayo wewe waweza kuifanya sasa hivi. Andika 0, 3, 6, 12, 24, 48 na 96, yaani baada ya 3 kila hesabu ni mara mbili ya ile iliyoitangulia. Kwa kila moja ongeza 4, kisha gawanya kwa 10. Utapata 0.4, 0.7, 1, 1.6, 2.8, 5.2 na 10. Tukiuhesabu umbali wa dunia kutoka kwenye jua kuwa 1, basi hesabu hizi zalingana kwa karibu na umbali wa sayari zilizojulikana siku hizo: 1 ni dunia yenyewe, 1.6 ni Mirihi, 5.2 ni Mushtarii na 10 ni Zohali. Penye 2.8 tu ndipo palipokuwa hapana kitu.

Johann Bode wa Berlin aliieneza hesabu hii kuanzia mwaka wa 1772. Ilipata nguvu mwaka wa 1781, pale William Herschel, mpiga muziki wa mji wa Bath katika Uingereza, alipogundua sayari mpya kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Sayari hiyo ni Uranus. Umbali wake ulipopimwa ulikuwa 19.2, na hesabu ya Titius ilitaka 19.6. Hapo wajuzi wengi wakaamini kwamba penye 2.8 lazima pana kitu kilichofichika. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1800 wachache wao walikutana katika mji mdogo wa Lilienthal, wakaazimia kuigawanya njia ya sayari mbinguni vipande 24, na kila kipande kipewe mlinzi wake, kama askari wa doria wagawanavyo mitaa ya mji. Ndiyo sababu wakaitwa kwa utani polisi wa mbinguni.

Mmoja wa watu waliokusudiwa kualikwa katika ulinzi huo alikuwa Giuseppe Piazzi, kasisi aliyeisimamia nyumba ya kutazamia nyota mjini Palermo, katika kisiwa cha Sicily. Mwaliko ulikuwa bado haujamfikia, wala yeye hakuwa akitafuta sayari. Kazi yake ilikuwa kutengeneza orodha ya nyota, na desturi yake ilikuwa kupima mahali pa kila nyota usiku mmoja, kisha kupima tena usiku mwingine na mwingine, ili kosa la usiku mmoja lisahihishwe na vipimo vya usiku mwingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na sifa, na watu wengi wangaliona kwamba kupima mara moja kwatosha.

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801 Piazzi alipima nyota moja hafifu katika kundi la Thauri. Hilo ni kundi lilelile lenye kilimia, ambacho wakulima wa pwani yetu tangu kale wamekitazama ili kujua majira ya mvua na ya kulima. Usiku wa pili aliipima tena nyota ile, na kumbe haikuwa mahali alipopaandika. Kwanza alidhani kwamba alikosea katika vipimo vya jana. Usiku wa tatu ilikuwa imesogea tena, na kwa upande uleule. Hapo akajua kwamba hiyo si nyota, bali ni kitu chenye kwenda.

Tarehe 24 Januari Piazzi aliwaandikia wajuzi wa nchi nyingine kwamba ameona nyota yenye mkia. Lakini kwa rafiki yake Barnaba Oriani wa Milan aliongeza neno: kwamba kitu hicho hakina ukungu wa kukizunguka, tena mwendo wake ni wa polepole na wa taratibu, hata imempata fikira kwamba huenda kikawa ni kitu bora kuliko nyota yenye mkia. Itazame, msomaji, hadhari ya mtu huyu. Fikira kubwa alikuwa nayo, lakini hakuitangaza kuliko ushahidi aliokuwa nao mkononi.

Aliendelea kukipima kila usiku mbingu zilipokuwa wazi, hata tarehe 11 Februari, alipokipima mara ya 24 na ya mwisho. Kisha maradhi yakamlaza. Barua yake ilifika Berlin mwezi wa Machi, na wakati huo kile kitu kilikuwa kimeukaribia upande wa jua na kumezwa na mwanga wake. Sayari iliyotafutwa kwa miaka mingi ilikuwa imeonekana kwa siku 41, na sasa imepotea.

Twajua leo ya kuwa Ceres huchukua muda wa miaka 4 na zaidi ya nusu kulizunguka jua mara moja. Kwa hiyo Piazzi aliona kipande kisichozidi sehemu moja katika 40 za safari yake. Ni kama mtu aliyemwona msafiri akipiga hatua chache njiani, kisha msafiri akaingia msituni, na yule mtu akaulizwa: "Huyo atatokea upande gani wa msitu, na siku gani?" Wajuzi kadha wa kadha walijaribu kujibu, na majibu yao hayakuongoza mtu kwenye kitu chochote.

Mwezi wa Septemba vipimo vyote vya Piazzi vilichapishwa katika jarida la Franz von Zach, mmoja wa wale polisi wa mbinguni. Miongoni mwa waliovisoma alikuwamo Carl Friedrich Gauss wa mji wa Brunswick, kijana wa miaka 24, mwana wa mfanyakazi maskini, ambaye aliweza kusoma kwa kuwa mtawala wa nchi yao alimlipia gharama za masomo. Gauss hakuwa na darubini ya kushindana na wakubwa wale. Alikuwa na karatasi, kalamu na akili ya hesabu. Alibuni njia mpya ya kuitambua njia nzima ya kitu kwa vipimo vichache tu, kisha akataja mahali Ceres itakapoonekana. Mahali hapo palikuwa mbali na palipotajwa na wengine.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1801 von Zach alielekeza darubini yake karibu na pale kijana alipopataja, akaiona. Usiku uliofuata, tarehe 1 Januari 1802, mwaka mmoja kamili tangu usiku ule wa Palermo, Wilhelm Olbers wa mji wa Bremen aliiona naye.

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ceres ilikuwa mali iliyopotea, na daftari la Piazzi ndilo lililoirudisha. Kama angaliandika kwa uvivu, au angalipima kwa kukisia, hesabu zote za Gauss zisingalifaa kitu.

Piazzi aliipa sayari yake jina la Ceres, ambaye Warumi wa kale walimwita mungu wa kike wa nafaka. Umbali wake kutoka kwenye jua ulionekana kuwa karibu 2.8, kama hesabu ya Titius ilivyotaka. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini haikudumu kwa utulivu. Tarehe 28 Machi 1802 Olbers aligundua kitu kingine, Pallas, katika nafasi ileile. Watu walitafuta mmoja, wakapata wawili. Herschel alivitazama vyote viwili kwa darubini zake kubwa, akaona ni vidogo mno, vikionekana kama nukta za nyota tu. Akashauri visiitwe sayari, bali viitwe asteroidi, yaani vitu vyenye mfano wa nyota. Yeye alikadiria kwamba upana wa Ceres ni kama kilomita 260, na kumbe ni kama 940. Hata hivyo shauri lake lilikuwa na maana.

Wengi hawakulikubali shauri hilo upesi. Mwaka wa 1804 ikaonekana Juno, na mwaka wa 1807 ikaonekana Vesta. Vyote 4 vikaandikwa vitabuni pamoja na sayari 7 za kwanza, na jumla ikawa 11. Kisha kwa miaka 38 hakikuonekana kingine, na watu wengi wakaacha kutafuta.

Mtu mmoja hakuacha. Huyo alikuwa Karl Hencke, aliyekuwa mtumishi wa posta katika mji wa Driesen. Alitafuta kwa miaka 15 hivi bila ya kupata kitu, na mwezi wa Desemba 1845 akaiona ya tano, Astraea. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Baada yake mlango ulifunguka. Mwisho wa mwaka wa 1851 zilikuwa zimejulikana 15, na mwaka wa 1868 hesabu ilifika 100. Fikiri sasa taabu ya mwalimu wa siku zile: awafundishe wanafunzi wake majina ya sayari 100, na mwakani aongeze mengine? Wala hapana aliyepiga kura. Mmoja mmoja, waandishi wa vitabu waliviondoa vitu hivi katika orodha ya sayari, wakavipa orodha yake vyenyewe yenye nambari, na Ceres ikawa nambari 1. Leo asteroidi zijulikanazo ni zaidi ya 1,000,000.

Na ile hesabu ya Titius je? Mwaka wa 1846 iligunduliwa Neptune. Hesabu ilitaka umbali wake uwe 38.8, na kwa kweli ni kama 30. Ikadhihirika kwamba haikuwa sheria ya maumbile. Iliwapeleka watu mahali penye kitu, lakini haikuwa sababu ya kitu hicho kuwapo. Ni jambo la kukumbuka, kwamba dalili mbovu yaweza kumfikisha mtu kwenye jambo la kweli, na bado ikabaki mbovu.

Mambo yaliyoipata Ceres yaliipata Pluto baadaye. Tarehe 18 Februari 1930 Clyde Tombaugh, kijana aliyelelewa shambani, aliigundua Pluto katika nyumba ya kutazamia nyota ya Lowell huko Arizona, Marekani, kwa kulinganisha picha za mbingu moja kwa moja. Jina lake lilishauriwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney. Ikahesabiwa sayari ya tisa, na mwanzoni wengi walidhani uzito wake wakaribia ule wa dunia. Mwaka wa 1978 mwezi wake, Charon, uligunduliwa. Na kwa kuutazama mwendo wa mwezi huo ilijulikana kwamba uzito wa Pluto haufiki sehemu moja katika 400 za uzito wa dunia. Kuanzia mwaka wa 1992 vitu vingine vikaanza kuonekana katika eneo lake, na mwaka wa 2005 ikatangazwa Eris, iliyo nzito kuliko Pluto yenyewe. Wajuzi wakajikuta katika njia panda ileile ya waalimu wa karne ya 19: ama kuziongeza sayari bila ya kikomo, ama kueleza wazi maana ya neno.

Tarehe 24 Agosti 2006, katika mkutano wa chama cha wanafalaki wa dunia nzima mjini Prague, kura zilipigwa. Walikubaliana kwamba sayari lazima itimize masharti matatu: ilizunguke jua, iwe na uzito wa kutosha hata mvutano wake wenyewe uifanye kuwa ya mviringo, na iwe imeisafisha njia yake, isiwe ni mmoja tu katika umati. Kitu kitimizacho masharti mawili ya kwanza na kukosa la tatu, nacho si mwezi wa sayari nyingine, huitwa sayari kibete. Hivyo Pluto ilishushwa. Lakini siku hiyohiyo Ceres, ambayo ni ya mviringo, ilipandishwa kutoka cheo cha asteroidi. Watu wengi waliisikitikia Pluto. Wachache waliikumbuka Ceres. Tena si wajuzi wote walioridhika na masharti hayo, na hata leo mjadala haujaisha.

Mwaka uliofuata Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Dawn. Kiliizunguka Vesta kuanzia mwaka wa 2011, na tarehe 6 Machi 2015 kikaingia katika mvutano wa Ceres, kikawa cha kwanza kuizunguka sayari kibete. Kilikuta dunia ndogo yenye upana ambao ni kama safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi. Kiliona mlima wa urefu wa kilomita 4 hivi, dalili za barafu chini ya udongo, na ndani ya shimo kubwa liitwalo Occator mabaka meupe yanayong'aa. Wajuzi walipoupima mwanga wa mabaka hayo walitambua kwamba sehemu yake kubwa ni chumvi ya jamii ya magadi, jamii ileile ichimbwayo katika Ziwa Magadi, hapa kwetu Kenya. Yaonekana maji ya chumvi yalipanda kutoka chini, yakakauka, na magadi yakabaki juu. Mahali pa Ceres pamepewa majina ya miungu na sherehe za kilimo za mataifa mbalimbali: Dantu ni jina kutoka Ghana, na Yalode ni kutoka Dahomey, nchi iitwayo sasa Benin. Kazi ya Dawn ilikoma mwaka wa 2018 kilipoishiwa mafuta, nacho chaendelea kuizunguka Ceres kimya kimya.

Turudi sasa kwenye swali letu. Kwa nini kijana asome kitabu ambacho huenda kikasahihishwa? Tazama ni nini kilichobadilika katika habari hii na ni nini kilichobaki. Jina lilibadilika mara kwa mara, kwa maana jina ni mpango wa wanadamu, na mpango hufuata wingi wa vitu vinavyojulikana. Palipokuwa na kimoja, kukiita sayari kulifaa. Vilipofika 100, hakukufaa tena. Lakini vile vipimo 24 vya Piazzi havikufutwa na mtu. Vilifaa mwaka wa 1801, na vyafaa hata leo. Waliobadilisha jina walitoa sababu mbele ya watu wote, na mtu yeyote aweza kuzipima sababu hizo, kuzikubali au kuzipinga.

Basi, msomaji, ukisoma kitabu cha elimu yoyote, jizoeze kutenga mambo mawili: yale yaliyopimwa, na yale yaliyopangwa na watu ili kuyaeleza yaliyopimwa. Uliza ni nani aliyepima, lini, na kwa chombo gani, na kama alirudia kupima. Kitabu kinachosahihishwa kwa sababu zilizo wazi hakikukudanganya. Kimekufikisha mahali ambapo wengine waliishia. Na ikiwa siku moja wewe mwenyewe utapewa kazi ya kupima, iwe ni mvua shuleni, shamba la mzazi wako, au nyota za mbinguni, andika kwa uangalifu ulichokiona na siku uliyokiona, maana huwezi kujua ni nani atakayelihitaji daftari lako.